Rangi Imetoka Kama Ganda la Kitunguu: Maswali Yenu Kuhusu Bunduki za Toi

Mwezi huu swali ni moja limekuja kwa sura tano. Watoto wako likizo, vijana wa kosplei, wale wanajivika kama wahusika wa filamu na gemu, wanatengeneza mavazi, na kila mtu ako na bunduki ya plastiki anataka kuibadilisha rangi. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, juu ukielewa hiyo, zingine zitakuwa rahisi.

Fundi, sasa. Nilipata Nerf, ile bunduki ya toi ya kurusha mishale ya sponji, ya mitumba Gikomba, ya bluu na machungwa, nataka ikae kama silaha ya watu wa anga za juu, shaba iliyochakaa na kijani. Nilinunua kopo la spree hapo mtaani, nikapiga mara mbili, ikakauka poa sana. Siku ya tatu jasho la mkono likaanza kuitoa, na penye niliweka masking tepu ikatoka yote kama ganda la kitunguu. Niambie tu, ni rangi gani inashika kabisa? (Kijana wa Umoja)

Kijana wangu, pole kwa kazi yako, najua vile inauma. Lakini hiyo rangi ulinunua huenda haina shida yoyote. Mimi nimepiga rangi bampa za magari miaka mingi, na kila bampa iliyorudishwa kwangu ikiwa imebanduka, shida ilikuwa chini ya rangi, haikuwa kwa rangi. Plastiki inatoka kiwandani na mafuta ya mauldi, yale yanapakwa ndani ndo toi isigande kwa chuma, alafu ya mitumba imeongezewa jasho la watoto wa nchi nyingine, gundi ya stika na vumbi ya safari. Ukipiga rangi juu ya hiyo yote, rangi imeshika mafuta, haijashika plastiki.

Sasa kabla ya rangi, jua plastiki yako ni gani. Fungua skrubu uangalie upande wa ndani, mara nyingi utapata herufi ndogo zimechorwa, ABS ama PP ama PE ama PS, ama ile alama ya pembetatu na namba, 2 na 4 ni PE, 5 ni PP, 6 ni PS. Nerf nyingi mwili wake ni ABS na hiyo ni bahati nzuri, juu ABS inakubali rangi. Toi nyingi za bei ya chini zile zinauzwa kwa dazeni pale Kamukunji na Nyamakima hazina alama yoyote, na hapo ndo unafanya hivi: chukua beseni la maji, kata kipande kidogo cha plastiki mahali pamejificha, hata ile ncha ya ziada ndani ya mwili, tia tone la sabuni ndo hewa isikishikilie, kizamishe kwa kidole alafu uachilie. Kikielea ni PP ama PE, hizo ni nyepesi kuliko maji. Kikizama ni ABS, PS ama PVC. Hiyo tu, dakika mbili, na imekuokolea kopo mbili za rangi.

Ikizama, uko sawa. Ikielea, jua uko na plastiki ya familia moja na bampa na ndoo ya kuoshea, na hiyo haipendi kushikwa na kitu chochote, si rangi si gundi. Umeona vile maji yanakimbia juu ya jani la mgomba yakibaki matone matone? Rangi nayo inafanya hivo hivo juu ya PP, inakaa tu juu, ikikauka inakuwa karatasi. Dawa yake ni praima ya bampa, ile ya plastiki, mara nyingi haina rangi inakaa kama maji, unaipiga nyembamba sana kabla ya kitu kingine chochote. Nenda Kirinyaga Road kwa maduka ya rangi za magari useme unataka praima ya bampa ya plastiki, usiseme tu praima, juu utapewa ile ya kijivu ya chuma na utarudi penye ulikuwa. Mimi mwenyewe nilishauziwa ya chuma nikaambiwa ni moja tu, nikapiga bampa ya mteja, na wiki mbili baadaye ameosha gari kwa pampu ya presha rangi yote ikaenda na maji. Nilirudia ile kazi kwa pesa zangu. Kwa hivyo soma kopo mwenyewe, ikiwa haijaandikwa plastiki, rudisha.

Haya, kazi yenyewe. Toa spring, toa vyuma, piga picha ya ndani kwa simu kabla hujatoa kitu ndo ujue pa kurudisha. Osha maganda, yaani vipande vya mwili wa toi, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, tumia mswaki wa zamani kwa mistari na pembe, suuza, acha ikauke kivulini. Stika na gundi yake toa kwa mafuta ya kupikia kidogo alafu osha tena. Sasa msasa wa maji, namba 400 ukifuatiwa na 600, piga kwa mizunguko midogo huku ukiloweka, mpaka ile kung'aa iishe kila mahali na plastiki ikae kama imepakwa unga. Hapa usiwe na haraka. Penye panang'aa ndo penye rangi itaanza kutoka, na kawaida ni kwa kona na kuzunguka traiga, penye kidole hakifiki vizuri. Kunja msasa, tumia kijiti cha ice cream, fika. Ukimaliza pangusa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, na kuanzia hapo usishike na mkono mtupu, vaa glavu, juu alama ya kidole ni mafuta na itaonekana kwa rangi.

Usitumie thina kupangusa, tafadhali. Thina ya spree ya magari inakula ABS na PS, unaona plastiki inalainika, inanata kwa kitambaa, alafu ikikauka inakuwa na nyufa ndogo ndogo kama barafu iliyogongwa.

Sasa swali lako, rangi gani. Kwa kitu kinashikwa kila siku, kinaangushwa, kinawekwa kwa begi na vitu vingine, mimi naenda na akriliki ya magari ya kopo, juu ya praima ya plastiki, alafu kliya juu yake, ile tabaka ya mwisho isiyo na rangi ya kulinda kazi. Hiyo ndo jibu langu na nimeirudia mara nyingi bila kujuta. Ile rangi ya glosi ya mageti na milango inaonekana ngumu lakini inakauka pole pole sana, inaweka tabaka nene, na kwa kona inachubuka. Rangi ya ukuta sahau kabisa. Ile ya NC, yaani nitroselulosi, mafundi wengi wa magari wanaitumia, inakauka haraka na inapendeza, lakini ikizeeka inakuwa kavu na kuvunjika, na thina yake ni kali, ukiilowesha juu ya plastiki bila praima inaila. Alafu kuna ile ya 2K, ya kuchanganya na hadna, na hakuna inayoishinda kwa ugumu, hata petroli haiitoi kirahisi. Lakini hiyo hadna ina isosayaneti, ambayo ikiingia kwa mapafu inaweza kukuachia pumu ya maisha, na maski ya kitambaa haisaidii hata kidogo. Kwa bedsita ama kwa balkoni ya ploti usiipige. Tayarisha kazi yako mpaka praima, peleka kwa fundi ako na chumba cha spree na maski ya hewa, mwambie akupigie kliya ya 2K wakati anapiga gari ya mtu, wengi watakubali.

Ukipiga akriliki yako, shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza nje ya kitu, pita, malizia nje ya kitu. Ya kwanza iwe kama ukungu tu, uone plastiki bado inaonekana chini. Watu wanaharibia hapa, wanataka ifunike mara moja. Ngoja dakika 10 hadi 15, rudia, mara tatu ama nne zinatosha. Masking tepu toa wakati rangi bado haijakuwa ngumu kabisa, ukiivuta ikijikunja nyuma juu yake yenyewe, si kwenda juu.

Ile shaba iliyochakaa nayo ni raha, fanya hivi: ukishapiga shaba, changanya akriliki nyeusi ya wachoraji na maji iwe kama chai ya rangi, paka kwa brashi ijae kwa mistari yote, ngoja dakika moja, pangusa juu kwa tishu. Nyeusi inabaki ndani ya mashimo na kila skrubu inaonekana. Kwa kingo, chukua brashi kavu na tone la fedha, ifute kwa karatasi mpaka karibu iishe, alafu sugua kingo tu. Hapo ndo plastiki inaacha kukaa plastiki. Maliza na kliya ya mat, ile haing'ai, mbili nyembamba, alafu uiache.

Uiache kabisa. Kukauka na kuiva ni vitu viwili. Baada ya saa moja unaweza kuigusa, baada ya siku moja unaweza kuishika, lakini ugumu wa kweli mpe wiki nzima kabla hujairudishia spring na kuanza kuivuta. Ukitaka kuhakikisha, piga rangi pia kipande cha plastiki ya aina hiyo hiyo, kikiiva chora mistari sita kwa wembe na sita ya kukata hiyo uone miraba midogo, bandika selotepu, kandamiza kwa ukucha, vuta kwa nguvu. Miraba ikibaki yote, hata ukiiangusha kwa ngazi za ploti rangi itashika. Ikitoka na tepu, rudi kwa msasa.

Na zile sehemu zinasuguana, pistoni, ile ya kuvuta nyuma, ndani ya traiga, usipake. Tabaka la rangi likiongezeka kidogo tu, kitu kinakwama, na rangi yenyewe inakwaruzwa siku ya kwanza.

Habari yako fundi. Kijana wangu ako na miaka 9, anataka bastola yake ya maji ipakwe nyeusi yote ikae kama ya ukweli, baba yake amekubali na ameshanunua rangi. Naomba ushauri rangi ipi haitatoka na maji. (Mama wa Donholm)

Mama, nakuheshimu sana na najua baba anataka tu kumfurahisha mtoto, lakini hiyo rangi naomba msiipake. Nasema hivi kama mzazi kabla ya kusema kama fundi.

Tunaishi Nairobi. Habari za watu wameibiwa na bastola bandia tumezisikia mara ngapi, na askari akiwa kwa giza, ama mlinzi wa geti, ama hata umati wa watu wenye hasira, hakuna mtu anapata muda wa kuuliza kama ni ya maji. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataja silaha bandia wazi wazi na ukiitumia kwa uhalifu inakufunga kama ya kweli. Mtoto wako hana nia hiyo, najua, lakini anayemtazama kutoka upande mwingine wa barabara hajui.

Marekani walitunga sheria kitambo, tangu 1989 bunduki ya toi inatakiwa kuwa na ncha ya rangi ya machungwa kali, na bado mwezi wa Novemba 2014, kwa mji wa Cleveland, mtoto wa miaka 12 anaitwa Tamir Rice alipigwa risasi na polisi kwa uwanja wa kucheza. Alikuwa na bunduki ya toi nyeusi ambayo haikuwa na hiyo ncha. Gari ya polisi ilisimama na risasi zikatoka ndani ya sekunde chache. Hiyo habari sijawahi kuitoa kwa kichwa, na tangu hiyo siku mtu akiniletea bunduki ya toi nimpakie nyeusi yote namrudishia mkononi.

Sasa mtoto asikose furaha yake. Mwambie tutaitengeneza iwe ya kipekee, ile hakuna mwenzake ako nayo. Kijani cha kinyonga na mistari ya njano, zambarau na fedha, nyekundu ya zimamoto, michoro kama ya matatu, hiyo ni sanaa yetu na anaweza hata kuandika jina lake kwa graffiti. Ncha iache machungwa, ifunike vizuri na masking tepu kabla ya kupiga chochote. Na kama ameiandaa kwa drama ya shule, ibebwe ndani ya begi lililofungwa kwenda na kurudi, asiishike barabarani ama ndani ya matatu.

Kwa maji: bastola za maji nyingi ni PE ama PP, fanyeni ile ya beseni, mkikuta inaelea tumieni praima ya bampa kama nilivyoandika juu. Mkiona ni kazi nyingi, stika za vinyl za kukata zinashika kwa muda, na zikitoka hamna hasara kubwa. Hiyo nyeusi mmenunua wekeni kwa kiti cha chuma.

Fundi, nilipiga rangi wiki tatu zimepita, mwili umekauka mgumu kabisa lakini ile sehemu ya kushikia bado inanata kama peremende, hata vumbi imeshika. Niongeze kliya? (South B)

Usiongeze, ndugu yangu, utafungia shida ndani. Hiyo sehemu ya kushikia naamini ni laini kidogo ukiikandamiza, sivyo? Hiyo kawaida ni PVC laini, imewekwa mafuta ya kuilainisha kiwandani, na hayo mafuta yanapanda pole pole yanaingia kwa rangi na kuilainisha, hasa rangi za mafuta. Unaweza kungoja mpaka Desemba haitakauka. Itoe yote, kwa kukwangua na kadi ya plastiki na spiriti, pole pole. Usitumie maji ya breki vile watu wanashauriana, yanaweza kupasua ABS ya jirani. Alafu sehemu laini ama uiache rangi yake ya asili, ama utumie spree ya vinyl ile ya kupaka dashibodi na viti vya gari, hiyo inajipinda pamoja na plastiki. Mimi ningeiacha, ama niizungushie tepu ya kitambaa ya mpini, inakaa poa na inashika mkono vizuri.

Nilipiga spree Julai kwa rufu ya ploti, asubuhi, ikatoka na weupe kama maziwa. Nikaongeza ingine juu jioni, ikajikunja yote kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nimekosea wapi? (Kasarani)

Umepatwa na mambo mawili tofauti siku moja. Weupe ni unyevu. Thina ikiruka inapoza uso wa rangi, na asubuhi ya Julai hapa hewa ni baridi na nzito, maji yanatulia juu ya rangi mbichi yanafungiwa ndani. Kujikunja nako ni juu uliongeza tabaka wakati la chini lilikuwa limekauka juu tu na bado laini ndani, thina mpya ikaingia ikaliinua. Kopo nyingi zimeandikwa nyuma, ongeza ndani ya saa moja ama ngoja siku moja ama mbili, na huo muda wa katikati ndo uliingia.

Piga kati ya saa tano na saa tisa mchana, siku imekauka, upepo umetulia. Kopo likiwa baridi liweke kwa maji ya vuguvugu dakika kadhaa, ya kuogea mtoto, yasizidi hapo. Usiliweke karibu na jiko kamwe, nyingi zimeandikwa zisipite digrii 50 na zikipita zinalipuka, na kwa nyumba ndogo hiyo ni hospitali. Hiyo uliyonayo sai iache wiki mbili ikauke hadi chini, piga msasa wa maji 600 mpaka ilainike, anza upya na ukungu.

Mtoto wangu ako na miaka miwili na kila kitu kinaenda kwa mdomo. Kuna rangi salama? (Dagoretti Corner)

Kwa umri huo, mama, usipake. Rangi yoyote iliyokwaruzwa na meno inamezwa, na rangi ya zamani ama ya kopo isiyo na jina inaweza kuwa na risasi, ile madini ya sumu, ambayo inaharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kiwango cha juu cha hiyo risasi kwa rangi hapa Kenya ni sehemu 90 kwa milioni, kwa hivyo hata ukinunua ya mtoto mkubwa tafuta kopo yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na iwe ya maji.

Na ukipata toi ya mitumba ambayo mtu alishaipaka rangi, ile unaona brashi imepita na kwa kona inachubuka, usimpe huyo wa miaka miwili hata kama ni nzuri vipi.

Barua za mwezi ujao nataka za gundi, haswa zile plastiki zinaelea, juu nimeona wengi mnapoteza pesa huko pia. Mkiandika, mtaje herufi mmezikuta ndani ya toi, ama kama kipande kilielea kwa beseni.